Mtu Aliyeiandika Nyanya

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa redio katika chumba cha mbele cha nyumba ya mtu pale Umoja, siku Mzee aliponiita nikamtazamie mashine yake ya gemu. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Kila mwenye nyumba mtaani alikuwa akiongeza chumba mbele au nyuma, na kila chumba kilichoongezwa kiligeuka kuwa duka, kinyozi, kanisa au karakana. Changu kilikuwa na dirisha moja, meza, na kibao nilichokichora mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya mlango. Wateja wengi waliingia, wakaniona nimeketi na chuma cha solda cha kuunganishia waya mkononi, kisha wakaniuliza fundi amekwenda wapi.

Mzee hakuwahi kuniuliza hivyo. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla, Mwislamu mzaliwa wa Nairobi, na duka lake la mchele, sabuni na mafuta ya kupikia lilikuwa hatua chache kutoka kwangu. Kando ya duka alikuwa na chumba cha wazi chenye viti vya mbao na hiyo mashine moja, kabati refu lenye kioo kama cha televisheni. Aliinunua Mombasa kutoka kwenye hoteli iliyokuwa ikifungwa. Hakujua kuicheza wala hakutaka kujua, ila alipenda watu waje.

Gemu yenyewe ilikuwa rahisi kuelewa. Mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani na mgongo umepinda kidogo, hupanda ngazi iliyoegemezwa kwenye mti na kuchuma matunda mekundu ya mviringo. Kunguru humshambulia ili wayaibe. Akimaliza mti mmoja huenda wa pili, kunguru wakizidi. Maandishi ya juu yalikuwa ya Kiingereza kibovu na hakuna aliyeyasoma. Watu wote waliiita Nyanya. Nikiwauliza kama ni kwa sababu ya matunda au kwa sababu ya yule bibi, wengine waliniambia hili na wengine lile, na hawakuona sababu ya kubishana.

Ilipoharibika, ilianza na kunguru. Mwanamke alikuwa mzima, mti mzima, lakini kunguru waligeuka kuwa vipande vya mistari na nukta vinavyoruka. Niliifungua kwa nyuma nikakuta bodi kubwa ya saketi yenye chipu nyingi kuliko nilizowahi kuziona mahali pamoja. Niliangalia umeme, nikaangalia waya, nikafunga. Nilimwambia Mzee kweli kwamba kazi hiyo imenizidi, lakini namjua mtu.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa Mjapani, amekuja kwa kujitolea kufundisha elektroniki katika chuo cha ufundi nilikosomea. Darasani kwetu wasichana tulikuwa wawili, na yeye ndiye mwalimu pekee ambaye hakutuambia tukae mbele ili tusisumbuliwe. Alitupa chuma cha solda kama alivyowapa wengine. Alikuwa amepanga nyumba Umoja, mistari miwili ya nyumba kutoka karakana yangu, na alikuwa akienda sokoni mwenyewe na kikapu. Watu walimwita Mchina. Mwaka wa kwanza alikuwa akiwasahihisha kwa upole. Nilipohitimu alikuwa ameacha kuwasahihisha, akawa anaitika tu. Kiswahili chake alikuwa amekijifunza kwa kitabu, na alikitamka polepole, neno kwa neno.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Mzee akamwekea kiti, nami nikawasha mashine. Mwalimu alikitazama kioo bila kuketi. Yule mwanamke alipotokea na kitambaa chake, nilimwona mwalimu akishika ukingo wa kabati. Akazunguka nyuma, akafungua, akainama juu ya bodi kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya chipu moja kati ya zile nyingi.

"Kunguru wanakaa hapa," alisema.

Nilimuuliza amejuaje bila hata kupima. Alimgeukia Mzee akamuuliza mashine imetoka wapi. Mzee alimweleza habari ya hoteli ya Mombasa, akamwambia na mwaka, kwa kujivunia kidogo. Mwalimu akasema, kwa sauti ileile ya polepole, kwamba bodi hiyo si halali, kwamba watu fulani walichukua kazi ya wengine, wakafuta jina la kampuni, wakaandika lao. "Hii ni mali ya wizi," alisema. Mzee akasimama. Alikuwa mtu mrefu, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti kwa mtu. Hata siku ile hakuipandisha. Alimwambia mwalimu kwamba katika miaka thelathini ya kuuza Nairobi hajawahi kuitwa mwizi, na kwamba afadhali mashine ikae imeharibika. Mwalimu akainamisha kichwa, akachukua begi lake, akaenda.

Mimi nilibaki katikati yao, maana ndimi niliyemleta. Wiki nzima nilipita mbele ya duka nikimsalimia Mzee naye akiitika vizuri, lakini haniiti ndani. Mwalimu sikumwona.

Jumamosi iliyofuata alikuja karakanani kwangu kwanza. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kutoa posa. Aliniomba nimsindikize. Mbele ya Mzee alisimama wima, akainama kutoka kiunoni, akabaki ameinama hadi Mzee akaanza kuona haya na kumshika mkono.

"Nilikukasirikia wewe kwa kosa la watu ambao hata hawakujui," mwalimu alisema. "Tafadhali nisamehe. Gemu hii niliiandika mimi."

Mzee hakuelewa. Hata mimi, niliyesoma, sikuelewa mara moja. Nilijua kwamba mashine kama ile lazima mtu aliitengeneza, lakini nilikuwa sijawahi kumfikiria mtu huyo akiwa na uso. Mwalimu akaeleza. Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya gemu kwao. Kila hatua anayopiga yule mwanamke, kila mahali kunguru anapogeukia, yeye ndiye aliyeamua, kwa namba, na namba hizo ndizo zilizomo ndani ya chipu. Mzee alisikiliza, kisha akamuagizia chai, na hilo likawa jibu lake kuhusu msamaha.

Kuitengeneza hakukuchukua hata saa moja. Miguu ya ile chipu ilikuwa imeshika kutu katika soketi yake, labda kwa hewa ya Mombasa. Aliing'oa, akanipa niisugue, tukairudisha, na kunguru wakawa kunguru. Watu waliokuwa wamesimama mlangoni waliingia. Miongoni mwao alikuwa dereva wa gari la mkate, mtu wa makamo aliyepita mtaani kila asubuhi na akimaliza kusambaza alikuwa akiketi kwa Nyanya. Hakuna aliyemfikia kwa mchezo ule. Aliposikia kwamba huyu ndiye aliyeiandika, aliweka kofia yake kwenye kiti akamsogelea.

Alikuwa na lalamiko la miaka miwili. Mti wa kumi, alisema, hauchezeki. Ukifika juu ya ngazi, kunguru mmoja anapita katikati ya shina, kwenye mbao yenyewe, anakupiga mgongoni. Amejaribu kila njia. Watu wanasema hajui, lakini yeye anajua kwamba anajua.

Mwalimu alimwomba acheze. Dereva akacheza hadi mti wa kumi, sisi tumemzunguka, na kunguru akatoka ndani ya shina akamwangusha. Mwalimu akakitazama kioo. Kisha akamwinamia dereva kama alivyomwinamia Mzee.

"Unasema kweli. Hilo ni kosa langu. Nilikuwa sijalala siku tatu."

Dereva alitazama huku na huku akitafuta pa kuweka mikono yake. Nadhani hakuwa amewahi kuombwa radhi na mtu yeyote kuhusu kazi ya mtu huyo, seuze na aliyetoka mbali hivyo. Alisema si kitu. Mwalimu akasema ni kitu, na kwamba atakirekebisha.

Sikujua amejitwisha kazi gani. Chipu zile huwezi kuziandika juu kwa juu kama ukurasa wa daftari. Kwanza unatoa namba zote zilizomo, kisha unaifuta yote, kisha unaandika upya. Katika chipu yenye kosa lile zilikuwamo namba elfu mbili na arobaini na nane. Mwalimu alijenga kisanduku kwa vifaa vya ziada vya chuo: safu ya swichi upande mmoja, taa nane nyekundu upande wa pili. Ukipanga swichi, taa zinakuonyesha namba moja. Mimi nilikuwa nasoma taa, yeye anaandika kwa penseli kwenye karatasi ya mistari. Tulikuwa tunaichomoa chipu Jumamosi asubuhi na kuirudisha kabla ya adhuhuri, ili Mzee asikose wateja. Ilituchukua Jumamosi nne.

Mwanzoni nilisoma taa moja moja, inayowaka na iliyozimika. Jumamosi ya pili nilikuwa nikiziona nnenne kwa mkupuo mmoja, kama unavyoona vidole vya mkono bila kuvihesabu. Yeye naye, kadiri namba zilivyotoka kinywani mwangu, akawa anazitambua. Alikuwa ananinyamazisha kwa kuinua penseli, kisha ananiambia alikuwa wapi alipoiandika sehemu hiyo. Hivyo ndivyo nilivyoijua kazi yake ya ujana, vipande vipande, kwa mpangilio wa chipu.

Alitoka kijiji cha milimani. Yale matunda si nyanya, bali tunda fulani la kwao ambalo huiva majani yakishapukutika. Mama yake alikuwa akiyachuma, akiyamenya na kuyaanika kwa kamba chini ya paa. Yeye alisomea umeme, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa ikitengeneza farasi wa kubembea wa watoto, wale wanaowekwa nje ya maduka. Miaka miwili alikuwa akizunguka mjini na mkoba wa spana akitengeneza farasi. Kisha gemu za kioo zikaja, na mkuu wao akauliza ni nani aliyewahi kusoma habari za chipu. Aliinua mkono. Alikuwa amesoma kitabu kimoja.

Waliwekwa wanne katika chumba kimoja. Programu waliiandika kwa penseli, kwenye karatasi, kisha wakaigeuza namba kwa mkono. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba waliweka herufi zile tu ambazo gemu ingezihitaji. Ambayo haikuhitajika haikuchorwa. Sehemu ya kutembea kwa yule mwanamke aliiandika wiki ya kwanza, na alisema hajawahi kuwa na furaha kama ile. Alipofikia sehemu ya kunguru alikuwa akienda kula chakula cha mchana bustanini ili awatazame wanavyogeuka hewani. Tulipoisoma sehemu hiyo alinionyesha kwa kiganja jinsi kunguru wa kweli anavyoinamisha bawa moja kabla hajashuka, na nilipokitazama kioo baadaye niliona kwamba ndivyo hasa walivyofanya.

Kulikuwa na sehemu ambayo hakuipenda. Mkuu alimtuma akae katika ukumbi wa gemu na saa, apime mtu anacheza muda gani kabla hajashindwa. Alirudi na majibu, akaambiwa muda ni mrefu mno, afupishe. Akawaongezea kunguru mwendo. Aliporudi ukumbini kutazama, alimkuta mfagiaji wa pale, mtu mzima, ambaye wiki iliyopita alikuwa akifika mti wa nne wakati wa mapumziko yake. Sasa alikuwa akishindwa wa pili. Mfagiaji alijaribu mara tatu, akachukua ufagio wake. "Alidhani mikono yake imezeeka," mwalimu aliniambia. "Sikuweza kumwambia kwamba ni mimi."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Akasema hawakuruhusiwa. Kampuni haikutaka watu wa nje wawajue waandishi, wasije wakawavuta kwao kwa mshahara. Katika gemu nzima liliandikwa jina la kampuni tu.

Gemu ilipendwa sana. Akapewa siku mbili za mapumziko, na badala ya kulala akampandisha mama yake gari moshi hadi mjini, akampeleka ukumbini kumwonyesha. Kelele zilimtisha mama, lakini alisimama mbele ya kioo akatazama kitambaa cheupe na mgongo uliopinda.

"Akaniambia, 'Huyu ni mimi,'" mwalimu alisema. "Nikafurahi, kwa sababu ni kweli, nilimchora yeye. Kisha akaniuliza, 'Wewe uko wapi?'"

Kampuni ilipotoa fungu la pili la mashine alipewa kazi ya kurekebisha makosa madogo, na ndipo alipojiingiza. Alilificha jina lake mahali ambapo hakuna ambaye angeliona ila kwa kusukuma kijiti cha kuendeshea kwa mpangilio fulani kabla ya kuanza. Miezi michache baadaye mtu wa ofisini alizipitia karatasi akaligundua. Chipu za fungu lile ziliitwa zirudi, zikaandikwa upya. Mwalimu aliandika barua ya kuomba radhi, akaambiwa aisome mbele ya idara nzima, kisha akaondolewa kwenye kuandika akapelekwa ghala, kufunga mashine kwenye maboksi. Alifunga maboksi miezi saba. Siku moja aliona tangazo la kutafuta walimu wa kujitolea ng'ambo, akaacha kazi. Mama yake alimwambia aende.

Hayo aliniambia Jumamosi ya nne, tukiwa tumebakiza kama namba mia moja. Nilitaka kumuuliza jambo lililokuwa dhahiri, kisha nikaona ananitazama, nikaelewa kwamba ndilo lililomrudisha kwa Mzee akiwa na shati lililopigwa pasi. Wale walionakili walinakili kutoka mashine ipi?

Nikaendelea kusoma. Zilikuja sifuri nyingi, kisha namba ambazo kwangu hazikuwa na maana tofauti na nyingine. Nilisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nimefika ya tano au ya sita nilipogundua kwamba sisikii penseli. Niligeuka. Alikuwa ameiweka mezani, ameunganisha mikono juu ya karatasi.

"Endelea," alisema. "Nazijua. Nataka kuzisikia tu."

Nikazisoma hadi mwisho, taratibu, bila mtu kuandika. Jina la familia, nafasi tupu, jina lake. Herufi moja, K, haikuwamo katika zile zilizochorwa, na mahali pake alikuwa ameweka kipande cha shina la mti chenye matawi mawili upande mmoja. Walionakili walifuta jina la kampuni kila mahali, kwa sababu walijua lipo. Lake hawakulijua, wakalibeba pamoja na mengine hadi bandarini Mombasa.

Kisha ikabidi tulifute. Kwao zilikuwapo taa maalumu za kufutia chipu za aina ile, ambazo juu zina kidirisha cha kioo cha kupitishia mwanga. Chuo chetu hakikuwa nazo, lakini jua kali nalo linafuta likipewa siku za kutosha. Mzee alisitasita. Mashine ingekaa kimya, na ikiwa tutashindwa kuandika upya basi ingekufa kabisa. Dereva wa mkate alimsihi, na mwisho Mzee akasema kwamba mwenye kitu amekuja mwenyewe, yeye ni nani amkataze.

Tuliiweka chipu juu ya bati la nyumba yetu kule mtaa wa Tena, jirani na Umoja, ndani ya kifuniko cha chupa ili isisombwe na upepo. Mama yangu, aliyekuwa akishona nguo barazani, ndiye tuliyempa kazi ya kuitoa asubuhi na kuiingiza mawingu yakija. Aliniuliza tunaanika nini. Nilimweleza kwamba ndani yake mna kumbukumbu, na jua litazifuta. Aliitazama kwa makini juu ya kiganja chake. Akasema zake yeye amezianika juani tangu Hali ya Hatari ya wakati wa mkoloni na hazijafutika, basi tutaona kama hiki kidude kina bahati zaidi yake. Kilichukua siku kumi na moja, maana wiki ya pili ilikuwa na mawingu. Kila jioni nilikipeleka Umoja tukakipima kwenye kisanduku, hadi siku ambayo kila tulipopanga swichi taa zote nane ziliwaka. Kilikuwa kitupu: chipu isiyo na kitu huwasha zote.

Kuandika tulifanya Jumapili baada ya kanisa. Mimi nilisoma karatasi, yeye akapanga swichi na kubonyeza, namba moja moja, siku nzima. Stima ilipotea mara moja, tukangoja, ikarudi. Kati ya namba zote zile tulibadilisha moja tu, ile ya upana wa shina la mti wa kumi; alikuwa amelifanya jembamba kwa nukta moja. Tulipofika kwenye jina lake aliliandika kama lilivyokuwa, bila kusita. Kisha akaacha kubonyeza.

"Zimebaki nafasi chini yake," alisema. "Aliyetengeneza naye anapaswa kuwemo."

Nilimwambia haifai, sikuwa nimefanya kitu ila kusoma taa. Akanijibu kwamba naye alikuwa ameandika namba tu. Niliangalia mikono yangu. Nikawakumbuka wale wote walioniuliza fundi amekwenda wapi. Nikamwambia sawa. Jina langu huanza kwa W, na W haikuwamo kwenye gemu. Tukachukua M tukaigeuza kichwa chini.

Jumatatu mchana dereva wa mkate alikuja bila kupitia nyumbani kwake. Alicheza hadi mti wa kumi, akapanda ngazi, na kunguru akaja kutoka nyuma ya shina, akaligonga, akarudi. Dereva akachuma matunda yote. Mti wa kumi na moja ulikuwa na theluji kwenye matawi, kitu ambacho hakuna mtu Umoja aliyewahi kukiona katika gemu ile. Dereva alikitazama hadi kunguru akamwangusha, na hakujali. "Buda, kumbe kulikuwa na huku," alimwambia mwalimu.

Mwalimu akashika kijiti. Aliwaeleza watu kwa ufupi tu kwamba kuna kitu alikiweka zamani. Akasukuma kushoto, kushoto, chini, juu, na mengine niliyoyasahau. Kioo kikawa cheusi. Yakatokea majina mawili, moja juu ya jingine, kwa herufi nyeupe. Watu waliinamisha vichwa wakajaribu kulisoma la kwanza, wakashindwa kwenye ule mti. La pili Mzee alilisoma kwa sauti, akanigeukia, akalisoma tena. Kisha akawaambia watu waliokuwapo, kama kwamba hawakuwa wakinijua, kwamba huyu ndiye fundi wa hapa.

Alitaka kumlipa mwalimu. Mwalimu alikataa, akaomba kitu kimoja, apigiwe picha kile kioo. Mzee alimwita mpigapicha wa harusi aliyekuwa na studio yake Umoja, ambaye alitumia filamu nzima kwa sababu kioo kilimsumbua kwa mistari. Picha moja ikatoka vizuri. Mwalimu aliituma kwa mama yake bila barua ndefu. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi, na alinitafsiria akiwa amesimama mlangoni kwangu. Mama yake alisema ameiona, na kwamba ameiweka pale anapowekea picha ya marehemu mumewe. Alitaka kujua huyu wa pili ni nani, na kama amekula.

Mwalimu alikaa Umoja mwaka mmoja na nusu zaidi. Muda huo alinifundisha kuandika programu kwa karatasi na penseli, Jumamosi hadi Jumamosi, na ilikuwa ngumu, nami nililia mara mbili. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao. Hakurudi kwenye gemu. Aliniandikia kwamba amepata kazi katika kampuni ndogo inayotengeneza mizani za sokoni, na kwamba programu ya mizani ni fupi lakini haivumilii uongo. Tuliandikiana miaka mingi, barua zikipungua kadiri kila mmoja wetu alivyozongwa na watoto na kazi. Barua ya mwisho niliyoipata ilikuwa ya mkewe.

Mzee aliiuza mashine video zilipoingia mtaani. Ilichukuliwa na mtu wa Nakuru, na baada ya hapo sijui. Mimi niliajiriwa na kiwanda cha unga kuangalia mitambo ya kupakia, kisha nikarudi chuoni kwetu kufundisha. Darasa langu la kwanza lilikuwa na wasichana saba. Nilisimama mbele yao nikiwa nimesahau maneno niliyoyatayarisha, nikawagawia vyuma vya solda, nikawaambia waanze.